Gari inachemsha? Kabla hujanunua themostati, jiulize ilichemka ikiwa inafanya nini

Mtu akinipigia simu kwamba gari yake inachemsha namuuliza swali moja kwanza, ilichemka ikiwa inafanya nini? Ilikuwa imesimama kwenye foleni, ilikuwa inapanda mlima, au uliiwasha tu dakika tano mshale wa joto ukaanza kupanda? Wengi hawajui, wanachokumbuka ni mvuke unafuka kwenye boneti na roho ikiwadunda. Sasa hilo swali ndiyo nusu ya kazi aisee, ukilijibu vizuri kabla hujashika spana unajiokoa na kununua vifaa ambavyo havina kosa, jambo ambalo mimi mwenyewe nimelifanya.

Gari yangu ilianza kuchemsha foleni. Ikitembea safi kabisa, mshale umetulia katikati, nikikwama foleni dakika kumi hivi unaanza kutambaa kwenda juu. Fundi wa kwanza akasema themostati (kale kamlango kanakofunguka maji ya injini yakipata moto ili yaende rejeta kupoa), tukabadilisha. Siku mbili poa (hali ya hewa ilikuwa ya baridi, kumbe ndiyo sababu), siku ya tatu ugonjwa ukarudi. Wa pili akasema rejeta, ile ya mbele inayopoza maji, imeziba, ikashushwa ikaoshwa, ugonjwa ukarudi. Wa tatu akainama akachungulia akasema wota pampu, ile inayozungusha maji, hapo ndipo nikakaa nikawaza, pampu gani hii inafanya kazi vizuri nikiwa spidi 80 halafu inagoma foleni tu? Nikafungua boneti nikawasha AC nikasikiliza. Feni kimya. Nikafuata waya mweusi unaotoka kwenye feni mpaka pale unapofungwa kwenye bodi, chini kidogo ya taa ya mbele, nikaushika nikautingisha na kile kipete cha mwisho kikabaki kwenye bolti, waya ukabaki mkononi mwangu, ncha yake imejaa unga wa kijani kama sarafu iliyolala kwenye maji ya chumvi. Nikakata kipande kilichooza, nikafunga kipete kipya, nikapiga msasa pale kwenye bodi mpaka chuma kikang'aa, nikakaza. Feni ikaunguruma. Themostati ya zamani bado ninayo kwenye droo, haikuwa na kosa lolote masikini.

Kwa hiyo humu nitaongea zaidi kuhusu feni, maana ndiko watu wanakozunguka sana, ila na mengine nitayagusa.

Kwanza usijiunguze

Injini ikiwa ya moto usifungue kifuniko cha rejeta, hata kama una haraka, hata kama umeshika na tambara. Kile kifuniko kina springi inayobana maji kwa presha, vingi vimeandikwa 0.9 au 1.1, maana yake karibu bar 1 juu ya hewa ya kawaida. Maji yakibanwa hivyo hayachemki kwenye nyuzi 100, yanavumilia mpaka karibu 120, na ukiwa umechanganya kulanti (ile dawa ya rangi ya rejeta) nusu kwa nusu yanavumilia zaidi ya hapo. Sasa wewe ukifungua ghafla presha inaondoka, maji yaliyokuwa nyuzi 110 yametulia yanageuka mvuke hapohapo na njia pekee ya kutokea ni usoni kwako. Subiri mpaka uweze kuishika hozi ya juu (bomba la mpira la rejeta) na kuiminya ikabonyea laini. Ikiwa ngumu kama mguu wa meza bado kuna presha, kaa pembeni.

Na feni ya umeme haina adabu, kwenye magari mengi inaweza kuwaka yenyewe hata ufunguo umeuchomoa. Ukitaka kuingiza vidole pale chomoa plagi yake kwanza, au toa terminali hasi ya betri.

Ikikukuta barabarani, zima AC, fungua hita mpaka mwisho na feni yake ya ndani full (utaoka lakini ile hita ni karejeta kadogo, inapunguza joto la injini), tafuta pa kusimama, na mshale ukiwa umefika kwenye nyekundu zima injini. Usimwagie injini maji ya baridi juu. Silinda hedi nyingi siku hizi ni za aluminiamu, ikipozwa ghafla upande mmoja inapinda, na hedi ikishapinda habari ya feni inakuwa ndogo.

Kuna kitu kimoja kinawadanganya watu sana: mshale ulikuwa juu, ghafla ukaanguka mpaka chini kwenye baridi, dereva anashukuru Mungu anaendelea na safari. Hapana ndugu, maji yameisha. Sensa inapima maji, maji yakitoweka sensa inabaki inaning'inia kwenye hewa na inasoma chini huku injini inaungua. Dalili ya pili ya hiyo hali ni hita kupuliza hewa baridi wakati injini ni ya moto. Ukiona hivyo simama sekunde hiyohiyo.

Maji yapo?

Inaonekana swali la kitoto lakini anza hapo, asubuhi injini ikiwa baridi. Fungua rejeta yenyewe kama ina kifuniko, usiangalie kitanki cha rizevu peke yake, maana kitanki kinaweza kuwa kimejaa na rejeta ina pengo la lita nzima kwa sababu kifuniko kimechoka hakivuti maji kurudi. Mpira wa chini wa kifuniko ukiwa umepasuka au umekuwa mgumu badilisha, ni kitu kidogo na kinaleta balaa kubwa.

Kama maji yanapungua yanakwenda mahali. Tafuta alama za rangi, kulanti ikikauka inaacha unga mweupe, kijani au wa pinki kwenye maungio ya hozi, kwenye kingo za rejeta pale plastiki inapokutana na aluminiamu, na chini ya wota pampu (pampu ina katundu kadogo ka makusudi, sili ikichoka maji yanachuruzika pale). Kapeti ya mbele ikiwa imelowa na kuna harufu tamutamu ndani ya gari, ile karejeta ka hita kametoboka. Kama hakuna alama popote na maji yanapungua kila wiki, shikilia hilo, nitalirudia mwishoni.

Sasa lile swali

Inachemka ikiwa imesimama au inatembea pole, ukifungua mwendo inapoa yenyewe: tatizo ni hewa, na hewa kwenye foleni inaletwa na feni. Ukiwa kwenye mwendo wa kama kilomita 50 au 60 kwa saa na kuendelea upepo wa mbele unatosha, feni haihitajiki, ndiyo maana gari yenye feni iliyokufa inaweza kwenda safari ndefu bila neno halafu ikachemka unapofika unapaki.

Inachemka kwenye spidi au mlimani, foleni haina shida: hapo maji ndiyo hayazunguki ya kutosha au rejeta haitoi joto. Rejeta imeziba, pampu imechoka, themostati haifunguki yote, hozi ya chini inanyonywa mpaka inabonyea.

Inapanda dakika chache tu baada ya kuwasha: maji hayapo, kuna hewa imekwama ndani, themostati imegoma kufunguka kabisa, au gasketi ya hedi (ile inayoziba kati ya hedi na bloku ya injini).

Na kuna ile inayochemka kokote kokote, hiyo mara nyingi ni maji pungufu au magonjwa mawili kwa pamoja.

Jambo jingine, mshale wa dashibodi usiuamini sana. Kwenye magari mengi ya kisasa umetengenezwa ukae katikati hata joto likicheza kuanzia kama nyuzi 80 mpaka 105 hivi ili dereva asihangaike, ukiuona umeanza kusogea ujue mambo yameshaiva. Kale kamashine kadogo ka kusoma kompyuta ya gari, kanakochomekwa chini ya usukani, kanakuonyesha joto halisi kwa namba. Ukiwa nako kazi yote hii inakuwa rahisi mara mbili, na kama kompyuta imehifadhi kodi P0480 inakwambia moja kwa moja kuna shida kwenye saketi inayoongoza feni, P0117 au P0118 ni saketi ya sensa ya joto.

Feni haiwaki, au inawaka ikitaka

Kwanza ujue feni ya umeme haitakiwi kuzunguka muda wote. Themostati nyingi zinaanza kufunguka kati ya nyuzi 82 na 88, feni nyingi zinawaka kati ya 93 na 105 kutegemea gari, zinashusha joto nyuzi kadhaa zinazima. Kwa hiyo mtu akikwambia "feni yako mbovu, mbona haizunguki" na injini ndiyo kwanza imewashwa, mwache.

Jaribio la kwanza halihitaji kifaa. Washa gari, washa AC baridi mpaka mwisho. Kwenye magari mengi feni moja au zote mbili zinatakiwa ziwake hapohapo au baada ya sekunde chache, joto liwe limefika au halijafika. Zikiwaka kwa AC lakini haziwaki kwa joto, basi mota ni nzima, fyuzi nzima, waya mkubwa mzima, hangaika na sensa ya joto na waya zake. Zisipowaka kabisa endelea chini. (AC ikiwa haina gesi kompresa haitaingia na feni inaweza isiwake kwa sababu hiyo tu, usije ukaihukumu bure.)

Jaribio la pili, injini inaunguruma, chomoa plagi ya sensa ya joto inayoenda kwenye kompyuta. Kompyuta nyingi zikipoteza taarifa ya sensa zinajihami, zinawasha feni kwa nguvu zote. Feni ikiwaka hapo, sensa ilikuwa inaidanganya kompyuta kwamba maji ni ya baridi. Kumbuka magari mengine yana sensa mbili, moja ya mshale wa dashibodi na nyingine ya kompyuta, kwa hiyo mshale kusoma vizuri haumaanishi kompyuta inaona kitu kilekile. Kwenye magari ya zamani hakuna mambo ya kompyuta, kuna swichi imefungwa kwenye rejeta yenyewe ina waya mbili, hiyo ukichomoa plagi haitokei kitu, unachukua kipande cha waya unaunganisha zile tundu mbili za plagi, feni ikiwaka badilisha swichi.

Halafu nenda kwenye plagi ya feni yenyewe. Hapa watu wanachukua mita ya umeme, wanapima, wanakuta volti 12, wanasema umeme upo kwa hiyo mota imekufa, wananunua mota, na mota mpya nayo haizunguki. Mita haivuti umeme wowote wa maana. Waya uliooza mpaka umebaki na unywele mmoja bado utaionyesha mita volti 12 vizuri tu, ukiupa mzigo wa feni inayovuta ampea 10 mpaka 20 unakufa. Ndiyo maana mimi napenda balbu, balbu ya taa ya mbele kabisa, siyo ile ndogo ya testa. Chomoa plagi ya feni, weka balbu badala yake, hakikisha feni inaamriwa iwake. Balbu ikiwaka kali umeme na ethi (njia ya umeme kurudi betri kupitia bodi) vipo, mota ndiyo mgonjwa. Ikiwaka hafifu au isipowaka, tenganisha: acha waya mmoja wa balbu kwenye tundu chanya la plagi, mwingine upeleke moja kwa moja kwenye terminali hasi ya betri. Sasa inawaka kali? Basi ethi ndiyo mbovu, ule ugonjwa wangu. Kama bado hafifu tatizo liko upande wa chanya.

Mota unaweza pia kuipima kwa kuipelekea umeme wa betri moja kwa moja, waya nene na fyuzi katikati, mikono na nguo mbali. Lakini angalia kwanza plagi, kama ina waya tatu au nne na kuna kiboksi cha elektroniki kimefungwa kwenye feni, hiyo ni feni inayoongozwa spidi na kompyuta, usiipelekee umeme kienyeji kupitia plagi utakiua kiboksi. Mota ambayo haizunguki mpaka uigonge na mpini wa bisibisi ndiyo ikaamka, kaboni zake za ndani zimeisha. Itakuzungusha siku mbili tatu halafu itakuacha mahali pabaya.

Fyuzi ikiwa imekatika ibadilishe kwa ampea ileile, ikikatika tena usiweke kubwa zaidi, tafadhali. Zungusha panga za feni kwa kidole (plagi imetoka), zinatakiwa ziende laini na kusimama taratibu. Zikiwa nzito au zinakwaruza, bushi zimekwama, mota inavuta umeme kupita kiasi na fyuzi inafanya kazi yake. Ukiweka fyuzi kubwa kitakachoungua kinachofuata ni waya, na waya unapita karibu na vitu vingi vinavyopenda moto.

Rilei, ile swichi inayoamriwa kwa umeme mdogo ipitishe umeme mkubwa wa feni, nayo ina ujanja wake. Ile ya kawaida ina miguu minne, 85 na 86 ni za koili (sumaku yake), 30 umeme unaingia, 87 unatoka kwenda kwenye feni. Kwenye boksi la fyuzi mara nyingi kuna rilei nyingine yenye namba zilezile, ya honi kwa mfano, badilishana ujaribu, ni dakika moja. Kusikia "tak" hakutoshi, inamaanisha koili inavuta, lakini vidole vya ndani vinaweza kuwa vimeungua visipitishe kitu. Ukiichomoa geuza uangalie miguu na soketi yake: mguu ulionyooka unang'aa ni mzima, mguu ulioingia rangi ya zambarau au kahawia na plastiki pembeni imevimba kidogo kama ngozi iliyoungua na pasi, pale palikuwa hapashiki vizuri, pamepata joto, na hata ukiweka rilei mpya itaungua tena mpaka ubadilishe ile soketi. Rilei ikiwa imetoka unganisha tundu la 30 na la 87 kwa waya nene. Feni ikiwaka, kuanzia hapo kwenda mbele kote hakuna ubovu, ugonjwa uko kwenye rilei au kinachoiamuru. Isipowaka rudi kwenye fyuzi, waya na mota.

Feni yenye spidi mbili ikiwa inawaka tu ile spidi ya juu kabisa, inalia kama ndege halafu inazima, halafu inakaa kimya muda mrefu, mara nyingi rezista ya spidi ndogo imekatika. Watu wanaishi nayo hiyo miaka. Inafanya kazi ndiyo, ila kila mara injini inasubiri joto lipande juu kabisa ndiyo ipate msaada.

Na kuna kesi moja ya kuchekesha: feni inazunguka, ina nguvu, kila kitu kizima, gari inachemsha foleni. Chukua karatasi, isogeze mbele ya rejeta upande wa grili. Feni ikiwa nyuma ya rejeta inatakiwa kuvuta hewa kuelekea injini, karatasi inang'ang'ania. Ikipeperushwa kuja kwako, mtu alibadilisha mota akageuza waya, na feni inapigana na upepo. Nimeiona zaidi ya mara moja. Hapohapo angalia kama lile gamba la plastiki linalozunguka feni lipo, kuna wanaolitoa wakishusha rejeta wakaona uvivu kulirudisha, bila lile feni inavuta hewa kutoka pembeni badala ya kuipitisha kwenye rejeta nzima. Na chungulia kati ya kondensa ya AC na rejeta, pale katikati, kwa tochi. Unaweza kukuta wadudu, majani, matope na manyoya vimetengeneza blanketi ambalo kutoka mbele huwezi kuliona. Osha kwa maji ya presha ndogo kutoka upande wa injini kuja nje, mashine ya presha kubwa inalaza mapezi yote.

Kuhusu kufunga feni direkti na swichi ndani ya gari. Najua, wengi mmefanya, na kwa dharura ya kukufikisha nyumbani sina ugomvi nayo. Ila nimeona swichi za taa za ukutani zikibeba ampea 15 mpaka zinanuka, na nimeona mtu akisahau kuwasha. Kama lazima ifanyike weka rilei na fyuzi, swichi iamuru rilei tu.

Ile feni inayozungushwa na mkanda

Gari kubwa nyingi na pikapu zina feni iliyofungwa mbele ya pampu na klachi ya mafuta mazito katikati. Hiyo haina fyuzi wala sensa ya kompyuta, mbele yake kuna kispringi cha chuma kinachohisi joto la hewa inayotoka kwenye rejeta, joto likizidi klachi inashika. Injini ikiwa imezimwa zungusha panga kwa mkono, unatakiwa usikie uzito kama unakoroga uji mzito. Ikizunguka raundi nyingi yenyewe kama baiskeli iliyoinuliwa, mafuta yametoka, klachi imekufa, na mara nyingi utaona mafuta yameshika vumbi pale katikati. Mzima anajulikana kwa sauti pia, injini ikipata moto sana kwenye mwendo mdogo utasikia feni inaanza kuvuma kwa nguvu. Kama hujawahi kuisikia ikivuma hata siku moja ya joto kali, ishuku.

Kama siyo hewa ni maji

Hapa nitaenda haraka. Injini ikiwa imepata moto, shika hozi ya juu na ya chini (kwa uangalifu, na feni imechomolewa). Juu ya moto sana na chini baridi kabisa wakati mshale umepanda, maji hayapiti, themostati imefunga au rejeta imeziba. Pitisha kiganja karibu na uso wa rejeta, ikiwa na kipande kimoja cha baridi katikati ya moto, mirija ya pale imeziba, na kuoshwa kwa nje hakusaidii.

Themostati ipime kabla ya kuihukumu: sufuria, maji, kipimajoto, ining'inize kwa uzi isiguse chini, pasha. Ina namba imechongwa, 82 au 88 kwa mfano, karibu na hapo inatakiwa ianze kufunguka na nyuzi 10 mpaka 15 baadaye iwe wazi yote. Isipofunguka tupa. Ukirudisha kale katundu kenye kapini kanakotingishika kaelekee juu, ndiko hewa inakotokea.

Halafu hili la kutoa themostati kabisa na kuacha tupu. "Nchi ya joto haihitaji themostati", nimelisikia mara mia. Injini bila themostati inachelewa kupata joto lake, kompyuta inadhani bado ni asubuhi na inaendelea kumwaga mafuta mengi, na injini inachakaa zaidi ikiwa baridi. Mbaya zaidi kwenye baadhi ya injini themostati ikifunguka inaziba njia ya mkato, ukiitoa ile njia inabaki wazi, sehemu ya maji ya moto inarudi kwenye injini bila kupita rejeta, gari inachemka zaidi ya mwanzo. Kumtoa mlinzi kwa sababu mlango umekwama.

Wota pampu mbovu mara nyingi inavuja au inalia, ila kuna zenye panga za plastiki zinazopasuka kwa ndani, nje haionyeshi kitu. Hozi ya chini ikibonyea ukipiga resi, inanyonywa, ni laini imechoka au springi yake ya ndani imeoza.

Hewa iliyokwama: kama juzi umemwaga maji ukajaza upya na tangu hapo inachemka ovyo, mshale unapanda na kushuka, hita mara moto mara baridi, hiyo ni hewa. Inua pua ya gari, kifuniko wazi injini ikiwa baridi, hita full, washa, acha maji yapande huku unaongezea mpaka mapovu yaishe na feni iwake. Gari nyingine zina skrubu maalumu ya kutolea hewa, ifungue mpaka itoke maji matupu.

Yale maji yanayopotea bila alama

Sasa turudi kule. Asubuhi injini baridi kabisa, washa, shika hozi ya juu. Ikiwa ngumu ndani ya dakika moja mbili wakati maji hata vuguvugu hayajawa, hiyo presha haitoki kwenye joto, inatoka kwenye silinda kupitia gasketi ya hedi. Kifuniko kikiwa wazi utaona mapovu yasiyoisha, ukipiga resi yanaongezeka. Moshi mweupe mzito unaonukia utamu kwenye ekzosi hata injini ikishapata moto, oili iliyogeuka rangi ya chai ya maziwa kwenye dipstiki, injini inakohoa asubuhi kisha inatulia, vyote vinaelekea hukohuko. Ule utando wa kahawa ya maziwa chini ya kifuniko cha oili peke yake usikutishe, gari inayotembea safari fupi fupi wakati wa baridi inaupata kwa unyevu tu. Kuna dawa ya buluu inayowekwa kwenye kichupa juu ya mdomo wa rejeta, gesi ya injini ya petroli ikipita inageuka njano, mwambie fundi aitumie kabla hajafungua hedi. Na akiifungua, hedi ipimwe kama imenyooka kabla ya gasketi mpya kurudishwa, vinginevyo utarudi hapo baada ya miezi.

Ukimaliza kutengeneza chochote kati ya hivi usikimbilie kufunga boneti. Acha gari iungurume imesimama, AC imezimwa, mpaka feni iwake yenyewe, izime yenyewe, iwake tena, angalau mara mbili tatu, huku unaangalia joto linapanda wapi na kushuka wapi. Halafu washa AC na kaa hapo dakika 15 nyingine bila kwenda popote, ndiyo foleni yenyewe hiyo. Kesho asubuhi kabla ya kuwasha fungua rejeta uone maji yako wapi, ongeza kama yameshuka kidogo maana hewa iliyobaki imeshatoka, na keshokutwa asubuhi angalia tena.